Wifi na Kadi za Ukungu

Wifi yangu hakuzaliwa amechoka. Watu wanaomwona siku hizi hudhani alikuja duniani hivyo hivyo, na mkunga akasema, "Huyu mlazeni." Si kweli. Nilimjua akiwa msichana wa kupanda ngazi mbili mbili huku anaimba. Uchovu ulimjia baadaye, polepole, kama sabuni inavyoisha. Leo unashika kipande kizima, kesho kimekonda, na siku moja unanawa ukijiuliza umeshika nini, kumbe unasugua kiganja kwa kiganja.

Aliolewa na kaka yangu, mchonga mihuri. Kaka alikuwa na meza yake kwenye ngazi za ofisi kubwa, na juu ya meza alikuwa na wembe, soli za kandambili kuukuu na vipande vya mbao. Hapo alichonga maneno ambayo ofisi haziishi kuyataka: Imelipwa, Imepokelewa, Mkuu wa Shule. Herufi zote kinyumenyume, bila kupiga mstari. Mihuri yake ilikuwa na nguvu, msiseme sikuwaambia. Mbu akitua kwenye meza ile alikufa ameshaandikwa Imelipwa. Jirani yetu mmoja alisinzia hapo mchana, akaamka shavu limeandikwa Imepokelewa, na tangu siku hiyo hakuna ofisi iliyomzungusha. Akifika mlangoni tu wanampisha. Anayebisha akamuulize mwenyewe, ila amehama.

Wifi alianza kwa kufagia mabaki ya mpira chini ya kiti cha mumewe. Kisha akaanza kuyaokota. Siku moja akachonga ua. Kaka aliligonga kwenye karatasi, akalitazama, akacheka hadi akashika mbavu.

"Mke wangu, ofisi gani itagonga ua?"

"Ofisi ya wenye macho," wifi akamjibu, akalitia mfukoni.

Baadaye zikaja mashine. Mtu anaingia dukani, anangoja kidogo, anatoka na muhuri unaojitia wino wenyewe. Kaka akawa anakwenda kwenye ngazi zake asubuhi na kurudi jioni na soli zile zile. Kilichotuweka mjini ni lile ua. Lile ua na ndege, na nyumba, na kikombe chenye mvuke, na kitanda cha mtoto mchanga, vyote alivyochonga wifi kwa mabaki. Alikunja karatasi ngumu, akagonga, akazitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo mbele ya mlango. Kadi za harusi, kadi za mtoto, kadi za pole. Wapita njia wakasimama, wakaanza kumwita Mama Kadi.

Kaka alipofariki, wifi aligonga kadi za kuwashukuru waliokuja kuzika. Alipozimaliza akafua vitambaa vya wino, na kesho yake akafungua mlango, maana kuna mtu alikuwa ameagiza kadi za harusi, na harusi haimngoji mfiwa.

Kazi yenyewe ukiiona utaidharau. Unagusisha muhuri kwenye pedi ya wino, unagonga, unainua. Haya, jaribu. Ukiutia wino mwingi, ua linavimba kama limeumwa na nyuki. Ukiutia kidogo, linatoka na mapengo. Ukiegemea upande mmoja, nusu inatoka nyeusi na nusu inatoka mzuka. Na ukitikisika hata chembe wakati wa kuinua, ua linatoka mara mbili, moja limempanda mwenzake mgongoni, na karatasi hiyo imekwenda na maji.

Halafu kuna vifuniko. Hapo ndipo wifi alipowaacha wenzake wote nyuma. Ukitaka ndege awe mbele ya nyumba, huanzi na nyumba. Unamgonga ndege kwanza. Kisha unamgonga ndege mwingine kama huyo kwenye karatasi nyembamba, unamkata kwa mkasi ukifuata ukingo wake, na huyo wa karatasi unamlaza juu ya yule wa kadi, amfunike barabara. Sasa gonga nyumba yako juu yao bila huruma. Wino unaotaka kumwangukia ndege unaishia kwenye kifuniko. Ukikiondoa, ndege ametulia mbele, nyumba iko nyuma yake, kana kwamba waliumbwa hivyo. "Anayegongwa kwanza ndiye anayekaa mbele," wifi husema. Mimi shule niliipita kwa nje tu, nikiwasikia wakiimba, lakini hilo nililishika.

Ana mtoto mmoja, binti. Huyo binti alikuwa kwenye kiwanda cha nguo, anashona kola kutwa, kola tu, shati lenyewe halijui. Wifi alimwona anavyorudi mabega yamekunjamana, akamwambia, "Mwanangu, achana na kola za watu. Njoo mezani kwetu. Tutafanya pamoja mpaka siku nitakayoingia kaburini." Binti akaja. Yeye akawa anakata vifuniko, anapaka rangi kwa sifongo, anabandika, anatia kwenye bahasha. Mama yake akawa anagonga. Mimi nami nilikuja nyumba ile kutembea, na hadi leo bado natembea. Kazi yangu ni kukaa mlangoni na kusifia.

Siku za wifi zilifanana kama mayai. Asubuhi anafungua mlango wa mbele, ule unaofunguka nusu ya juu, anatandaza gazeti kuukuu mezani, anazigusa pedi moja moja kwa kidole kujua ipi imekauka. Kidole chenyewe kilikuwa cha bluu miaka nenda miaka rudi. Siku ya kupiga kura alirudishwa mlangoni, wakamwambia, "Mama, wewe umeshapiga." Bati likipata moto, chumba kinachemka, lakini feni haiwashwi kwa sababu inakausha wino na kurusha karatasi. Anajifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, anagonga. Amewagongea harusi watu waliokuja kuachana, akawagongea tena harusi zao za pili. Watoto aliowagongea vitanda wakakua, wakaja kuagiza vya watoto wao. Wote wakimkuta pale pale, kiti kile kile, na wote wakisema neno lile lile: "Mama Kadi, wewe huchoki!"

Yeye anatabasamu. Nani angemjibu mtu aliyekuja na furaha yake mkononi?

Sasa, mchana mmoja tulikuwa uani, yeye anafua vitambaa vya wino, mimi namwangalia asije akakosea. Akaacha kufua, mikono bado imo kwenye beseni.

"Wifi."

"Naam, wifi."

"Nimechoka."

"Nenda kajinyooshe. Nitamwambia binti umekwenda dukani."

"Si uchovu wa kujinyoosha. Sitaki kugonga tena. Sitaki hata moja. Nikifumba macho naona maua. Nikibisha hodi kwa watu, mkono wangu unangoja kwanza utiwe wino."

Nilitaka kucheka, nikamtazama usoni, nikaacha. Tangu ameingia kwetu nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilimsikia akisema inauma, nilimsikia akisema Mungu wangu, nilimsikia akinitukana mimi kwa ufasaha kabisa. Nimechoka, hapana.

"Basi mwambie mwanao," nikasema.

"Nimwambie kwa mdomo gani? Huu huu uliomtoa kiwandani? Nilimwambia mpaka kaburini. Leo nimgeukie, nimwambie mimi nimeishia hapa, wewe baki na meza? Atasema nini?"

"Atasema mama yake ni mtu."

"Wifi, mimi siwezi."

Na hakuweza, namjua. Huyu ni mtu ambaye akikanyagwa yeye ndiye anayeomba radhi. Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, siwezi kumwona mtu amekwama nikakosa ushauri.

"Anayetaka kuondolewa kazini haombi," nikamwambia. "Punda akichoka haitishi mkutano, analala njiani. Wewe tikisa mkono."

"Nitikise?"

"Tikisa wakati wa kuinua. Kidogo tu. Ua litoke mara mbili. Binti akiona mkono wa mama yake umeanza kutetemeka, atakunyang'anya muhuri mwenyewe, na mto atakuwekea mgongoni. Hutasema neno hata moja."

Akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kimekaa sana bila kutumika, kilitoka na kutu.

"Wifi, wewe ungezaliwa mwanamume ungeshafungwa."

"Na wewe ungekuja kuniletea kadi ya pole. Tikisa."

Akatikisa. Siku ya kwanza alitikisa kama anayeiba, kadi mbili tatu tu. Siku ya pili akazoea. Maua yakatoka yamepandana, ndege wakaota mdomo wa pili, na kikombe chenye mvuke kikaonekana kama kinaanguka mezani. Binti akaziokota kadi zile, akazitazama, kisha akautazama mkono wa mama yake. Nikamfinya wifi chini ya meza, maana yake: jiandae kupumzika.

Lakini binti alingoja mama yake aende kuoga, akazitandaza zile kadi zilizoharibika. Akachukua kifuniko cha ua, akakipunguza ukingo kwa mkasi, akakilaza juu ya ua la kweli. Halafu akachovya sifongo kwenye wino wa kijivu uliochanganywa na bluu kidogo, akakung'uta uliozidi, akaanza kugusagusa pembeni, taratibu, pande zote. Lile ua la pili, la mzuka, likamezwa. Alipokiondoa kifuniko, ua lilikuwa limesimama peke yake, safi, na nyuma yake ukungu.

"Shangazi," akaninong'oneza, "tafadhali usimwambie Mama. Mkono wake umeanza. Akijua ataumia sana. Kazi hii ndiyo inayomshikilia, akiiacha tu tutampoteza."

Nifanye nini? Siri ya mama ninayo shavu hili, siri ya mwana ninayo shavu lile, na mdomo wenyewe ni mmoja. Wifi alikuwa ameniapisha. Nikamwambia binti, "Haya, mwanangu," na jioni yake nikamwambia mama mtu, "Ongeza."

"Niongeze? Mbona haoni?"

"Macho ya mtoto kwa mama yake ni mazito. Tikisa kama mtu mwenye homa."

Akaongeza. Na binti naye akaongeza. Kadiri mkono ulivyotikisika, ndivyo ukungu ulivyotanda. Wifi hakuwa mtu wa kusogelea kamba ile ya nje. Akishagonga, kadi kwake imekufa. Kwa hiyo hakuona. Binti alikuwa anajificha na sifongo lake bafuni kama mwizi wa sabuni, na mimi nimekaa mlangoni katikati, nimekuwa kama mtu aliyemeza mfupa mbele ya wageni.

Ng'ambo ya barabara kuna saluni. Mwenye saluni ni mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, akikusalimu dirisha linaitikia. Asubuhi moja alivuka kuja kununua kadi ya pole, akasimama chini ya kamba, akashika kadi moja, akasahau pole yake.

"Bibi," akaniambia, "hii nayo Mama Kadi ameitoa wapi? Tazama! Kama ua linaota kabla jua halijatoka. Huu ukungu anaupakaje?"

Hapa ningenyamaza, mambo yangeishia pale. Lakini ulimi wangu haujui kukaa bure.

"Ukungu haupakwi, mwanangu," nikasema. "Wifi anakwenda kuuchota bondeni alfajiri, kwa chupa. Ukichelewa ukakuta jua, unarudi na chupa tupu. Juzi kizibo kilifunguka humu ndani, tukashinda tunagongana vichwa mpaka adhuhuri. Paka wetu mpaka leo hajaonekana."

Aliamini nusu, na nusu hiyo ilitosha. Akatia kichwa mlangoni, akapaza sauti yake ile:

"Mama Kadi! Mwanangu anaolewa! Kadi zote za mwaliko nataka kwako, na zote za ukungu! Ndege wawili mbele, nyumba nyuma, ukungu mwingi, usininyime!"

Wifi akainua kichwa. Akanyanyuka, akaja mlangoni, akaishika kamba kwa vidole viwili kama anayeshika panya. Alizitazama kadi zake moja moja. Aliona wazi pale alipotikisa, na aliona kilichofanywa hapo. Binti alikuwa ndani, anajifanya anatafuta gundi. Wifi akamwambia mwenye saluni, "Hongera sana, mama. Tutafanya," kwa sababu hajui neno jingine. Mteja alipoondoka, akanigeukia kwa sauti ya chini.

"Wifi. Ukungu huu ni wa nani?"

"Wa mwanao."

"Tangu lini?"

"Tangu ua la kwanza."

Akaketi. Alipumua tu, pumzi ndefu iliyoshuka mpaka nikadhani haitarudi.

"Nilitikisa ili nipunguziwe," akasema, "nimeongezewa."

Na kweli aliongezewa. Wateja wa saluni wakikaa kwenye viti wakatiwa dawa za nywele, mwenye saluni anawasomea habari za ukungu wa bondeni, tena ameshaongeza na chui. Wakitoka wanavuka barabara na vitambaa vichwani kuja kuagiza. Pedi zikawa zinakauka kabla ya adhuhuri. Karatasi zikapangwa hadi kitandani kwa wifi, akawa analala ubavu mmoja. Kila nilipomwambia, "Basi sema sasa," alinijibu, "Tumalize harusi hii kwanza. Mtu hamtupi mwenzake mkono katikati ya harusi." Alikuwa ameacha kutikisa. Aliona haina maana, na tena alitaka kadi za mwenye saluni zitoke vizuri, zile ndizo angemalizia nazo.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto. Wifi alikuwa na muhuri wa ndege mkononi, mimi namenya vitunguu mlangoni, binti anakata vifuniko. Wifi akagonga, akainua. Ndege akatoka wawili. Akaiweka kando, akachukua karatasi nyingine, akakaza midomo, akagonga, akainua. Wawili tena. Akashika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama unavyomshika mtoto anayetaka kukimbilia barabarani, akagonga. Wawili.

Aliniinamia sikioni.

"Wifi, sitikisi."

"Unasema?"

"Sitikisi mimi. Unatikisika wenyewe."

Kisu kikanitoka. Nilitamani kumwambia hadithi, mimi mwenye hadithi za kila kitu, na haikuja hata moja.

Binti alikuwa ameziona zile kadi. Akazichukua upesi, akasema kwa ile sauti yake ya kuchangamka ambayo kwa wiki nyingi nilikuwa nimeichoka kuisikia:

"Nzuri hizi, Mama! Nzuri sana! Ukungu utazikaa vizuri kabisa. Endelea tu."

Wifi akaulaza muhuri mezani. Hakuuweka kwenye pedi, aliulaza kwenye gazeti, uso chini, ukaacha ndege juu ya habari za watu.

"Nimechoka," akasema.

"Pole, Mama. Pumzika kidogo, tuendelee baada ya chakula."

"Sikusema kidogo."

Binti akasimama na mkasi mkononi.

"Nimechoka kugonga, mwanangu. Siku nyingi. Sikujua nikwambieje kwa vile mimi ndiye niliyekuleta hapa. Nikawa natikisa mkono makusudi, ili uone mwenyewe, uninyang'anye."

"Makusudi?"

"Makusudi. Sasa Mungu amenionyesha. Leo sitikisi. Tazama." Akaunyoosha mkono juu ya meza. Ulikuwa unatetemeka kama kifuniko cha sufuria maji yakichemka.

Binti hakuutazama mkono kwanza. Alinitazama mimi.

"Shangazi! Haya mawazo ni ya nani?"

"Mimi nilikuwa nafua tu," nikasema.

"Wewe hujawahi kufua humu ndani!"

"Nilikuwa naangalia kufua."

"Kwa hiyo," akamgeukia mama yake, na sauti ikaanza kumpasuka, "mimi najifungia bafuni na sifongo, nafunika, nafunika, ili usijione umezeeka, na wewe umekaa hapa unaharibu ili nikuone umezeeka! Mikono imenikauka, Mama! Naota vifuniko! Na huyu," akaninyooshea kidole mimi, "huyu anatuona wote wawili, anakula vitumbua mlangoni!"

"Havikuwa vingi," nikasema. Hakuna aliyecheka. Sikuwa nimelenga wacheke sana.

Wifi akasema polepole, "Niliogopa utaona nimekuachia mzigo."

"Mzigo gani? Nani alikwambia ni mzigo? Mimi meza hii naipenda. Kiwandani nilishona kola mpaka nikachukia shingo za watu. Hapa nikikata ndege namjua ni ndege. Sikuchoka kazi, Mama. Nilichoka kukuficha." Akafuta pua kwa mkono, akajipaka wino wa kijivu hadi shavuni. Hapo ndipo akaushika ule mkono wa mama yake, akaukandamiza kati ya mikono yake miwili. Ukaendelea kutetemeka humo humo ndani.

"Unauma?"

"Hauumi. Umechoka tu, kama mwenyewe."

Ingeishia hapo ningekuwa nimewaongopea, kwa sababu mambo hayaishi kwa watu wawili kushikana mikono. Mwenye saluni alikuja mchana ule ule kuchukua kadi zake. Nusu zilikuwa tayari, zina ukungu wake. Nusu nyingine hazijagongwa. Binti akamweleza kwa heshima kwamba Mama amepumzika kugonga, na zilizobaki atazigonga yeye, ndege wale wale, nyumba ile ile, ila hazitakuwa na ukungu, maana kuficha alikuwa ameshachoka.

"Haiwezekani," mwenye saluni akasema. "Nimeshawatangazia watu. Nusu ya wageni wapate ukungu, nusu wapate ukavu? Watasema nimewabagua! Mama Kadi, mama yangu, hizi tu. Hizi za mwanangu. Ukimaliza hizi hata usishike muhuri tena maisha yako yote."

Sasa hayo ndiyo maneno. Hizi tu. Kwa maneno hayo wifi aliishi miaka yake yote. Alizigonga hizi tu za yule, na hizi tu za mwenzake, mpaka hizi tu zikajaa umri mzima. Nikaona mkono wake unaanza kuvuka meza kuelekea muhuri, wenyewe, kama mnyama anayejua njia ya kwao. Binti naye aliuona. Hakuuzuia. Akamwacha mama yake aamue mwenyewe. Mimi nilikuwa tayari kupiga kelele nimeumwa na nge.

Mkono ukafika kwenye muhuri, ukaugusa. Wifi akautazama.

"Hapana," akasema.

Mwenye saluni alidhani hakusikia. "Enhe?"

"Hapana, mama. Siwezi. Nimechoka." Na alipoona bado anatazamwa, akausukuma muhuri kwa kidole hadi upande wa binti. "Huyu ndiye anayegonga sasa. Mkono wake haujaharibika. Ukipenda, mngoje. Usipopenda, kachukue kwingine, sitakununia."

Mwenye saluni alikasirika. Sisemi uongo hapa, alikasirika sana, akasema tungemwambia mapema, akasema Mama Kadi wa zamani asingemfanyia hivi, na maneno hayo yalimwingia wifi, niliona. Lakini hakurudisha mkono. Mwishowe mwenye saluni akavuta kiti, akaketi kwa kishindo, akasema atangoja. Za ukungu angewapa wa upande wa bwana harusi, wao hawajui kitu.

Wifi akanyanyuka. Alifungua kitambaa cha kifundoni, akakikunja, akakosa pa kukiweka, akaondoka nacho. Jua lilikuwa juu ya bati, watu wote wako kazini, na yeye akaingia chumbani akazishusha zile karatasi kitandani, akalala katikati.

Binti akagonga. Kutoka chumbani tukasikia, "Umetia wino mwingi!"

"Lala, Mama!"

Akagonga tena. "Hiyo umeharakisha kuinua!"

"Mama, lala!"

"Nani anaweza kulala na wewe unapiga kama mgambo?"

Mwenye saluni akaanza kucheka, hasira zikamwishia. Binti akaendelea. Aligonga ndege, akangoja wakauke, akawafunika, akagonga nyumba. Chumbani kimya. Akagonga wengine. Kimya. Akasita, muhuri uko hewani, akanitazama. Nilielewa, kwa sababu hata mimi kimya kile kilinishtua. Nikainuka na magoti yangu, nikaenda hadi kwenye pazia, nikachungulia.

Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, viatu bado viko miguuni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetoka nje ya kitanda, unatikisika kidogo kidogo. Nilimvua viatu. Hakuamka.

Nikarudi mlangoni, nikaokota kisu changu.

"Amelala," nikawaambia.

Binti akatikisa kichwa kuitikia, akagusisha muhuri kwenye pedi.